Tupeane uzoefu: umebadilishiwa kinini cha depresio, mwili bado unadai kile cha zamani

MWALIMU WA BAGIRA

Jambo yenu wote. Ninaandika kutoka Bukavu, na ninachotaka tuzungumze ni zile siku za katikati tu. Depresio yenyewe tumeshaizungumza sana hapa. Nasemea pale munganga, yaani daktari, anapokuambia dawa hii imeshindwa, au haipatikani tena, tunakuhamisha kwenye ingine. Wiki haijaisha, umekuwa mtu usiyemjua, na nyumbani hakuna aliyeonywa.

Mimi nilikuwa kwenye paroksetini na ilinikaa vizuri. Halafu bei ikapanda, ikawa leo iko farmasi, kesho haiko. Munganga akaona bora niende kwenye fluoksetini, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi na mshahara wa mwalimu unaiweza. Uamuzi ulikuwa mzuri, hata leo siupingi.

Tulipoanza kushusha paroksetini, kichwa kikaanza mambo yake. Nikigeuza macho haraka kutoka ubaoni kwenda kwa watoto, shoti inapita ndani ya kichwa, fyuu, imekwisha. Haiumi, lakini inakutisha. Usiku ndoto nzito, za watu waliokufa zamani, naamka nimelowa jasho. Harufu ya sambaza zinazokaangwa, ambazo nazipenda, ikawa inanitoa nje ya nyumba. Na machozi! Mtoto akijibu hesabu vizuri nalia. Wanafunzi walidhani nimefiwa.

Nikaona fluoksetini ndiyo sumu. Nilirudi kwa munganga nikiwa tayari kuikataa, naye akaniuliza maswali mawili: ilianza lini, na ilianzia wapi, mwilini au moyoni? Ilianza siku chache tu baada ya kushusha, tena mwilini: shoti, kizunguzungu, kichefuchefu. Sikuwa nazo hata nilipokuwa mgonjwa kabisa. Akasema hiyo ni paroksetini inaondoka, fluoksetini haijakosea kitu. Akanirudisha kwenye dozi iliyotangulia, tukashuka upya kwa hatua ndogo. Shoti zikapungua, zikaisha zenyewe.

Sasa nanyi semeni. Ulikuwa kwenye dawa gani, ukaenda ipi, nini kilikushtua, nini kilikusaidia? Tafadhali msipeane dozi. Kila mtu na munganga wake.

MOTARI WA GOMA

Mwalimu, asante. Mimi niko Goma, natembeza moto, yaani pikipiki ya abiria.

Nilikaa miaka na amitriptilini, kinini cha usiku. Ilinipa usingizi, lakini ulimi mkavu kama kiatu, choo shida, na asubuhi niko mzito. Kwa motari huo uzito si mchezo. Wakaamua kunihamisha kwenye fluoksetini, hiyo inanywewa asubuhi.

Usingizi ukakataa kabisa. Tumbo linazunguka, jasho bila joto, mwili una wasiwasi wakati akili haina sababu. Moto nikamwachia mdogo wangu. Hizi barabara zetu za mawe ya Nyiragongo, na kizunguzungu juu yake, ningeua mteja. Pesa ilipungua, tulikula bugali na lenga-lenga tu, lakini niko hai na mteja yuko hai.

Kitu kimoja munganga alinieleza ambacho sikuwahi kusikia: fluoksetini inalizuia ini kuivunja amitriptilini. Ukinywa zote mbili kwa dozi nzima, amitriptilini inajaa kwenye damu na moyo unaweza kuanza kwenda vibaya. Ndiyo maana aliikata nusu kwanza, akaleta mpya kidogo kidogo, akaitoa ya zamani taratibu. Kuna mwenzetu hapa mtaani alipewa ya pili juu ya ya kwanza bila kupunguza, na moyo ulimwenda mbio mpaka wakamkimbiza hospitali.

MFANYABIASHARA NYAWERA

Mimi nilitoka setralini kwenda fluoksetini. Sikusikia kitu. Kichwa kiliuma kidogo, basi. Naandika ili anayesoma usiku huu na amebadilishiwa leo asilale na hofu.

MAMA WATATU

Mimi sinywi dawa, anayekunywa ni baba watoto. Nataka kusema upande wetu sisi tunaolala karibu na mgonjwa.

Alipokuwa anahamishwa, akawa na hasira ya ajabu. Mume wangu si mtu wa kupiga kelele. Sahani ikianguka, anasimama anatetemeka. Watoto wakaanza kutembea kwa vidole. Mashemeji wakaja na maneno yao, ya kwamba kuna mtu kamtupia kitu, tena jirani kabisa. Kanisani wakasema afunge siku tatu na aache vinini, imani yake ionekane. Hapo nilikataa mbele ya watu wote. Nikasema ataombewa akiwa na dawa tumboni, Mungu haoni wivu kwa kinini. Mpaka sasa kuna mama wa kikundi hanisalimii, na mimi nalala vizuri tu.

Kilichotusaidia ni munganga kuniita mimi pia na kunieleza mbele yake: hasira hii inaweza kuja, mara nyingi inapita, usiichukue kuwa ya ndoa. Akanipa na mambo ya kuangalia: akianza kusema hataki kuishi, mlete usiku uleule, na akiacha kulala huku hana uchovu, anaongea mbio, anataka kununua kila kitu sokoni Kadutu, mlete pia, maana dawa hizi zinaweza kumpandisha mtu upande wa pili. Hayakutokea, lakini nilijua cha kutazama. Mtu akijua cha kutazama hatafuti mchawi.

YAYA WA MUHUNGU

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, sasa nimestaafu. Ngoja niongeze, maana naona mnagusa mahali penyewe.

Dawa haziondoki mwilini kwa mwendo mmoja. Nusu ya paroksetini hutoka kwenye damu kwa takriban siku moja. Venlafaksini huchukua muda wa saa 5 hivi tu, na kile inachogeuka kuwa mwilini huchukua muda wa saa 11 hivi. Ndiyo maana mtu wa venlafaksini akichelewa dozi moja, jioni anaisikia. Fluoksetini yenyewe inachukua siku kadhaa, na mabaki yake, norfluoksetini, wiki moja na zaidi. Hiyo inajishusha yenyewe polepole, kwa hiyo kuiacha huwa rahisi kuliko kuacha zile mbili. Lakini pia inachelewa kujaa. Mwalimu, wewe ulikuwa pale katikati: ya zamani imetoka mbio, mpya haijajaa. Tena paroksetini, kama amitriptilini, inafanya kazi nyingine mwilini ambayo fluoksetini haiifanyi, na kichefuchefu na jasho vinaweza kutoka huko.

Neno la pili. Watu wanafikiri mzigo uko kwenye dozi kubwa, na kipande cha mwisho ni kidogo, kitupwe. Ni kinyume. Mwaka 2019 Mark Horowitz na David Taylor waliandika kwenye jarida la Lancet Psychiatry kwamba dozi ndogo inashika sehemu kubwa sana ya milango ya serotonini, ile kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huigusa. Ukitoka dozi nzima kwenda nusu, ubongo unapoteza kidogo. Ukitoka kwenye kale kadogo kwenda sifuri, unapoteza karibu vyote kwa mara moja. Kwa hiyo hatua zinapaswa kuwa ndogo zaidi kadiri unavyokaribia mwisho. Mwaka huohuo chuo cha madaktari wa akili cha Uingereza kilibadilisha msimamo wake, kikakubali kwamba kwa baadhi ya watu dalili hizi huwa kali na za muda mrefu. Miaka mingi kabla ya hapo tulifundishwa kwamba ni wiki moja au mbili, nyepesi. Wagonjwa walikuwa wakituambia vingine na sisi tukiwaandikia kwamba ugonjwa umerudi.

Lakini mfanyabiashara naye asionekane mwongo. Uchambuzi mkubwa wa 2024, kwenye jarida hilohilo, ulikadiria kwamba dalili zinazotokana kweli na kuacha dawa humpata mtu mmoja kati ya 6 au 7, na zilizo kali mmoja kati ya 35 hivi. Wengi wanavuka. Baadhi hawavuki kirahisi, nao si waoga.

Kutofautisha: mwili kudai dawa huja ndani ya siku chache baada ya kushusha, na huleta vitu vipya kama zile shoti. Ukirudishiwa dozi, nafuu inakuja haraka, mara nyingi kwa siku. Ugonjwa ukirudi, unarudi polepole, kwa wiki, na unarudi na sura yake ileile unayoijua.

La mwisho, na hili nalisema kwa sauti. Tramadoli! Hapa kwetu inauzwa kama pipi. Mtu ana maumivu ya mwili kwa sababu ya kubadilisha dawa, jirani anampa tramadoli. Ikikutana na dawa hizi serotonini inaweza kuzidi. Homa, kutetemeka, misuli kukaza, kuhara, moyo mbio, kuchanganyikiwa: hayo si ya kungoja asubuhi, ni hospitali. Na hayo yanaweza kuja pia pale dawa mbili zinapokutana kwa dozi kubwa katikati ya kuhamishwa.

MVUKAJI WA RUZIZI

Yaya, asante, nimesoma mara mbili.

Yangu ni ya venlafaksini. Mimi sikuhamishwa na munganga, nilihamishwa na hali. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 na banki zikafunga milango, kuna dawa ambazo ukizikuta unashukuru. Nikivuka Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, ninanunua pale. Siku mpaka wa nchi ukifungwa, nakaa kwenye kiti nahesabu vinini.

Siku farmasi ilipokosa, muuzaji akanipa boksi la jina lingine, akasema ni kitu kimoja. Hakikuwa kitu kimoja. Ndani ilikuwa dawa ya kundi lingine kabisa. Nilitembea kwenye kilima cha Nyamugo nimeshika ukuta. Sasa nimeandika kwenye karatasi jina la dawa lenyewe, si la boksi, na miligramu, na kama ni ile inayotoa polepole. Karatasi iko kwenye kava la simu. Naonyesha, sitaji kwa mdomo.

Munganga baadaye alinihamisha rasmi kwenye dawa inayopatikana, kwa mpango. Kushuka kulikuwa kugumu, sidanganyi. Nilipanga kushusha kusiangukie wiki ya mtihani wa watoto wala ya msiba. Kazi nzito asubuhi, mchana nalala. Tangawizi kwa kichefuchefu. Na niliandika kila siku mstari mmoja: usingizi, kichwa, hasira. Munganga alisoma daftari akaona yale ambayo mimi mbele yake ningeyasahau.

YAYA WA MUHUNGU

Na kapsuli ya venlafaksini inayotoa polepole usiisage wala kuitafuna, hata ukitaka kuipunguza. Muulize munganga njia.

MWANAFUNZI ISP

Jambo wakubwa. Mimi nimebadilishiwa juzi tu, kutoka paroksetini. Nimesoma yote. Shoti ninazo, na kizunguzungu, darasani nakaa karibu na ukuta. Mpya sisikii ikifanya kitu. Nifikirie kuiacha? Na nani ninaweza kumwona nikikosa munganga wangu, maana amesafiri?

MWALIMU WA BAGIRA

Mdogo wangu, usiiache peke yako. Mpya inahitaji wiki 2 mpaka 4 ndipo uanze kuisikia, wakati mwingine 6. Sasa hivi unasikia ya zamani ikitoka tu. Munganga amesafiri, lakini simu hajaiacha nyumbani, mwandikie. Ukikosa kabisa, hapa Bukavu tuko na Sosame, na wa Goma wana Tulizo Letu, vyote vituo vya magonjwa ya akili vya Bafrere de la Charité. Nenda na boksi zote mbili mkononi, ya zamani na mpya.

Nikuulize wazi kama dada: kuna mawazo ya kujidhuru?

MWANAFUNZI ISP

Hapana dada. Ningesema. Huzuni iko, lakini si hiyo.

MAMA WATATU

Mwambie mtu mmoja nyumbani, mmoja tu, kwamba umebadilishiwa dawa. Asikuone umekaa ukutani akaanza kuita wachungaji.

MWANAFUNZI ISP

Nimemwambia mama. Munganga naye amejibu: nirudi dozi ya wiki iliyopita, Jumatano nimwone mwenzake. Mama anauliza kama sombe inakatazwa na dawa hizi, maana alikuwa anaitwanga.

YAYA WA MUHUNGU

Sombe ule, umwambie mama asante. Kasiksi, hiyo pombe ya ndizi, ndiyo uiache kwanza.