Earl Bakken wa pesimeka alikuwa daktari?

Wadau habari. Mzee wangu kawekewa pesimeka juzi juzi, kile kifaa cha umeme cha kusaidia moyo upige sawasawa, ukimgusa chini ya mfupa wa mtulinga, mbele ya bega, unakasikia kale kauvimbe kagumu. Nimekutana na jina la Earl Bakken, huyu alikuwa daktari au?

Jibu: Pole kwa mzee, apone haraka. Hapana, Bakken alikuwa injinia wa umeme. 1949 yeye na shemeji yake Palmer Hermundslie walianzisha kampuni ya Medtronic ndani ya gereji huko Minneapolis, Marekani, kazi yao kukarabati mashine za hospitali zilizoharibika, mwezi wa kwanza waliingiza dola 8 tu.

Jibu: Mkuu umeruka penyewe! Oktoba 31, 1957 umeme ulikatika Minneapolis na pesimeka za enzi hizo zilikuwa za kuchomeka ukutani, sasa fikiria watoto waliotoka kupasuliwa moyo. Dk. Lillehei, mpasuaji wa moyo, akamwomba Bakken kitu cha betri, jamaa akachukua mchoro wa metronomu, kile kidude cha kuhesabia mapigo ya muziki, toka jarida la Popular Electronics, akaubadilisha, kama wiki nne hivi kikawa tayari, kadogo ka kuvaa mwilini. Wakajaribu kwa mbwa, kesho yake Bakken anarudi anakikuta kimeshafungwa kwa mtoto. Hapo huwa nasisimka kila nikisoma.

Jibu: Ila pesimeka ya kupandikizwa ndani ya mwili kama ya mzee wako ilibuniwa na kina injinia Greatbatch na Dk. Chardack, Medtronic walichukua leseni ya kuitengeneza 1960. Na Bakken mwenyewe uzeeni aliwekewa pesimeka, kafariki 2018 ana miaka 94.

Muuliza swali: Asanteni sana, jioni namsomea mzee yote haya.