Mjadala: Muuguzi Mkristo amwombee mgonjwa kitandani, au amwachie kapleni (kiongozi wa dini wa hospitali)?

Mwanzisha mada
Habari za zamu, wakubwa kwa wadogo. Vyuoni tunafundishwa kumuuguza mtu mzima: mwili, akili, roho na jamaa zake. Orodha ya NANDA, ya kimataifa, ya matatizo ambayo muuguzi humtambua nayo mgonjwa, imekuwa na tatizo la "dhiki ya kiroho", na unatakiwa uliandikie mpango kama unavyoandikia kidonda. Likishaingia kwenye faili, nani analishughulikia?

Uingereza, mwaka 2008, muuguzi Caroline Petrie alisimamishwa kazi baada ya kumuuliza mgonjwa mzee kama angependa aombewe. Mwaka 2009 akarudishwa. Sarah Kuteh wa hospitali ya Darent Valley hakurudi: alifukuzwa 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema kufukuzwa kwake kulikuwa halali. Huku kwetu hospitali kama Bugando na KCMC zina mizizi ya makanisa, na kwenye hospitali nyingi za misheni sala ya asubuhi hutangulia ripoti ya zamu. Tuseme nini?

Mkunga wa wilaya
Amwombee. Mama aliyeambiwa saa nane usiku kwamba mapigo ya mtoto yanashuka na anapelekwa thieta (chumba cha upasuaji), kapleni utamtoa wapi? Aliyeko ni mimi. Akinishika mkono na kusema "sista, niombee", nimjibu asubiri saa za kazi?

Mwalimu wa chuo cha uuguzi
Dada mkunga, hapo mgonjwa ndiye aliyeomba, na sidhani kama kuna atakayekupinga. Ugomvi uko kwenye nani anaanza. Angalia kesi hizo mbili: Petrie aliuliza, bibi akakataa, akaishia hapo. Kuteh alikuwa anawaandaa wagonjwa kwa upasuaji, akalalamikiwa, akaagizwa asianzishe habari za dini mgonjwa asipoanza mwenyewe, akaendelea. Mgonjwa mmoja wa saratani ya utumbo alisema aliambiwa kuwa akisali atakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona. Hilo la mwisho ni ahadi ya matokeo, tena kwa mtu anayesubiri kisu.

Njia ya kuanza bila kumbana mtu ipo, nayo ni siku ya kulazwa. Kifupi cha FICA alichokitunga daktari Christina Puchalski kina maswali manne, na kwa Kiswahili cha wodini yanakwenda hivi: Ukibanwa na shida, nini kinakupa nguvu? Jambo hilo lina uzito gani kwako sasa hivi unavyoumwa? Kuna watu au jumuiya unayoitegemea? Ungependa sisi tukusaidieje katika hilo? Usianze na "wewe dhehebu gani", maana utatajiwa dhehebu na hutajua chochote. Akijibu la nne "mniitie shemasi", ita shemasi. Akijibu "hakuna, asante", andika hivyo na usimrudie kila zamu.

Akiomba sala, toa kwanza dawa za saa hiyo, hakikisha dripu inatiririka, nawa mikono, vuta pazia. Dakika mbili zinatosha. Kaa usawa wa macho yake, maana ukimsimamia juu utafanana na anayesoma hukumu. Muulize anataka kuombewa nini. Huenda wewe unajiandaa kuombea uvimbe, kumbe yeye anawaza ada ya mtoto.

Nesi wa Tanga
Mwalimu, umesahau kitu kimoja kikubwa: sisi Waswahili hatusemi hapana. Bibi wa Kiislamu aliyelazwa hospitali ya misheni akiulizwa "nikuombee?" na nesi aliyeshika trei ya sindano atasema "haya mwanangu", na mwisho ataitikia "amina". Amina hiyo ni ya adabu, hakuna ridhaa hapo. Anawaza asipokubali atachelewa kubadilishiwa shuka. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Hiari ya mtu aliyelala na katheta (mpira wa mkojo) haipimwi kwa "haya". Nasema muuguzi asiulize kabisa "nikuombee?". Aseme: "Ukihitaji kiongozi wa dini yako, yeyote, tunaweza kumwita." Halafu aondoke, amwache apumue.

Nesi wa thieta
Wengine tunasali kabla ya upasuaji, na makosa ninayoyaona ni ya kiutendaji zaidi kuliko ya imani. Sala iwe kabla ya hatua ya kwanza ya orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani), kabla dawa ya usingizi haijaanza. Ukishavaa glavu tasa, zisizo na vijidudu, mikono yako inabaki juu ya kiuno, mbele ya kifua, kwa hiyo habari ya kumwekea mtu mkono kichwani imekwisha. Na si wote wafumbe macho: wa usingizi abaki akiangalia monita. Presha baada ya sindano ya ganzi ya mgongo huweza kuporomoka ndani ya dakika chache, nayo haingoji "amina".

Jambo jingine ni maneno. Mama wa sindano ya mgongo yuko macho. Ukisali "Bwana, twakukabidhi roho ya mtumishi wako", yeye anasikia anaagwa, na mapigo yanapanda hapo hapo. Sema "waongoze madaktari, mpe utulivu", basi.

Mfamasia
Mimi naogopa sala inayofuatwa na kauli "umeshapona". Wakongwe mnakumbuka Samunge, Loliondo, 2011: kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu, foleni ya magari ya kilomita nyingi, na wagonjwa waliotoroka wodini na kuacha ARV (dawa za VVU). Mgonjwa wa kifafa akiacha fenobabitoni ghafla anaweza kupata degedege mfululizo. Likipita dakika 5 ni dharura. Mwenye kisukari akifunga na kuombea huku akichoma insulini kama kawaida, sukari inashuka. Ikiwa chini ya 4 mmol/L mpe gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai kwenye maji, akiwa anaweza kumeza, upime tena baada ya dakika 15. Kila mgonjwa anayetaka kufunga, ulizeni dozi kabla ya kusema "Mungu akutie nguvu".

Mkunga wa wilaya
Mfamasia, usinitie kapu moja na kikombe. Anayesema "acha dawa" ashitakiwe kwenye Baraza la wauguzi na wakunga. Mimi nasali na pia nachoma oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutoka damu nyingi, uniti 10, ndani ya dakika moja mtoto akitoka. Shukrani baadaye.

Mfuatiliaji wa tafiti
Kwa wanaotaka namba: mwaka 2006 Benson na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo Marekani, wakiombewa na watu wa mbali. Walioombewa bila kuwa na hakika, 52% walipata matatizo baada ya upasuaji, wasioombewa, 51%. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa, 59%. Haikupima sala ya kitandani ya mtu anayekufahamu, kwa hiyo pande zote mbili msiitumie kama rungu.

Kapleni
Ndugu zangu, mkituita tunakuja, hata saa nane, namba zetu zikiwa zimebandikwa pale zamu ilipo. Wodi nyingi hazina. Na mtusaidie kuwazuia wageni wenye mafuta ya upako na mishumaa karibu na oksijeni. Mafuta kwenye vali ya mtungi wenye shinikizo huweza kuwaka bila kiberiti, na moto wa mshumaa penye oksijeni ya ziada haudhibitiki. Maji ya baraka ya chupa iliyokaa mwezi msinyunyize kwenye kidonda cha moto. Mle kuna vijidudu vya kutosha kuozesha kipandikizi cha ngozi.

Mwalimu wa chuo cha uuguzi
Nesi wa Tanga, hoja ya "amina ya adabu" nimeichukua, nitaibadilisha namna ninavyofundisha swali la nne. Kwenye faili basi iandikwe nani alianza: "Saa 20:10, mgonjwa ameomba sala mwenyewe. Ameombewa dakika 2, kapleni amearifiwa. Maumivu 6/10, dawa imetolewa saa 20:00." Na msiandike "maumivu yamepungua kwa sala" wakati dawa imeingia dakika kumi zilizopita.

Nesi wa Tanga
"Mgonjwa ameomba mwenyewe" ataiandika nani, mwalimu? Si yule yule aliyesali?