Tupeane uzoefu: mkuu wa idara aliyewabeba wahadhiri wachanga alifanya nini hasa?

Mleta Uzi: Wakuu, profesa wetu anamaliza kipindi chake cha ukuu wa idara na tunamwandalia andiko la shukrani. Sifa za jumla hazimtoshi. Tajeni vitendo, hatua kwa hatua, ili hata anayempokea ajue pa kushika.

Mtahini wa Nje: Anza na mgawo wa kufundisha. Mkuu anayejali hahesabu kozi, anahesabu saa za mihadhara, semina, vitabu vya majibu vya kusahihisha na tasnifu za kusimamia. Kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 400 hailingani na semina ya uzamili ya watu 12, ingawa kwenye karatasi kila moja ni kozi moja. Mhadhiri msaidizi anayesoma uzamivu apangiwe vipindi vyake siku mbili zinazofuatana, wiki iliyobaki aandike.

Kalamu Nyekundu: Naunga mkono. Na asibadilishiwe kozi kila mwaka. Kuandaa mihadhara mipya ndiko kunakokwamisha tasnifu za watu.

Kuamkia Bodi: Mmenikumbusha mama mmoja, mkuu wa idara. Jioni ya kuamkia bodi ya watahini, yaani kikao cha kupitisha matokeo, matokeo yameshachapwa, akaona mwanafunzi mwenye 36 kati ya 40 za kazi za muhula amepata 11 kati ya 60 za mtihani. Wa chini yake kinyume kabisa. Hakukimbilia kwa amidi, mkuu wa kitivo. Alimwita mhadhiri kijana aliyefundisha kozi hiyo, wakafungua kabati na kuchomoa vitabu kumi vya majibu. Saba havikulingana na jedwali!

Kumbe majina yalipangwa upya kialfabeti, na katikati ya jedwali palikuwa na safu wima tupu. Programu ikaona jedwali limeishia hapo: majina na kazi za muhula vikahama pamoja, alama za mtihani zikabaki zilipokuwa. Ubaya wake, jumla na wastani wa darasa havibadiliki hata kidogo, kwa hiyo ukaguzi wa kawaida haugundui kitu. Walikesha, mmoja anasoma namba ya usajili na alama kwenye jalada, mwingine anaingiza. Asubuhi mama akaiambia bodi kwamba idara imegundua kosa la jedwali na imelisahihisha. Jina la kijana hakulitaja.

Kalamu Nyekundu: Hapo sikubali. Alama ni maisha ya mtu. Aliyekosea atajwe.

Mtahini wa Nje: Kumtaja kungemrudishia nani alama zake? Kilichowalinda wanafunzi ni vitabu kusomwa upya na bodi kuambiwa kwamba kosa lilikuwepo.

Kalamu Nyekundu: Basi angalau onyo la maandishi ndani ya idara.

Kuamkia Bodi: Aliweka utaratibu badala ya onyo. Anayeingiza alama siye anayehakiki, hakuna safu tupu, na vitabu vitano vya juu, vitano vya kati na vitano vya chini vinalinganishwa na jedwali kabla ya kutia sahihi.

Kabati la Tasnifu: Turudi kwa profesa. Wanaodhani ukuu unaua usomi wamtazame mwanahistoria Isaria Kimambo. Dar es Salaam ilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970, yeye ndiye alikabidhiwa usimamizi wa taaluma. Mwaka 1969 tu kilikuwa kimetoka kitabu chake cha historia ya Wapare, na kingine cha historia ya Tanzania alichohariri pamoja na Arnold Temu, sura zake zikiwa za waandishi mbalimbali. Kuhariri sura za wenzako zikatoka kwa majina yao, huko ndiko kubeba watu.

Mwino: Kwenye rasimu za makala za wahadhiri wachanga, mkuu arudishe ndani ya wiki mbili, hoja kuu kwanza, koma baadaye.

Kalamu Nyekundu: Mimi naona asisome kabisa kabla ya mhakiki wa jarida. Kijana azoee kupigwa.

Mwino: Mhakiki anakaa na makala miezi sita ndipo aseme swali la utafiti halionekani. Mkuu angeliona hilo ukurasa wa kwanza. Ila akisoma tu, jina lake lisiingie kwenye makala, shukrani inatosha.

Mleta Uzi: Wetu amekuwa akikataa hata hizo shukrani. Nani ana la kuongeza kuhusu barua za kupandishwa cheo?