RAM GB 4, Android Studio imenishinda. Nibadili mashine au nibadili njia?

Baridi_ya_Iyunga:
Wakuu, salaam. Nasoma hapa Mbeya, mwaka wa pili. Kuna mama ana duka la pembejeo Mwanjelwa, anataka programu ya simu ya kuandika mbolea iliyoingia, iliyotoka, na nani anadaiwa. Mashine yangu ni kompyuta ya Core i3, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka. Bando la wiki zima limeishia kupakua Android Studio, ile ya Google ya kutengenezea programu za simu. Nikiifungua, nachemsha chai na kuimaliza kabla haijawa tayari. Nikiwasha emyuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, ndiyo inaganda kabisa, kuliko mimi asubuhi ya Juni. Mfukoni nina laki na nusu. Nifanyeje?

FundiMafiati:
Unaionea bure hiyo mashine. Google wenyewe wanataka RAM GB 8 kwa uchache, 16 kama utatumia na emyuleta. Usinunue nyingine. Toa diski, weka SSD (diski isiyozunguka, ina kasi zaidi), halafu ongeza RAM. Ila mashine ifunguliwe kwanza, uone kama ina nafasi ya pili ya RAM na kama RAM yake ni aina ya DDR3 au DDR4, maana haziingiliani. Mimi nilinunua kwa kukisia, mpaka leo ipo kwenye droo.

Kande_Mbichi:
Emyuleta ya nini na simu unayo? Nenda kwenye mipangilio, Kuhusu simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7. Itafunguka menyu ya wasanidi, washa utatuzi wa USB, chomeka waya. Hapo unajaribia kwenye simu halisi, kama ile atakayoshika huyo mama.

dogo_wa_Mafinga:
Hamia VS Code (kihariri cha kuandikia kodi) na Flutter (zana za kuundia programu za simu), nyepesi sana.

FundiMafiati:
Dogo, VS Code ni nyepesi kweli, lakini kwenye kujenga programu ya Android bado unaiita Gradle ileile inayotumiwa na Android Studio kuunganisha kodi iwe programu, na Gradle ndiyo inayokula RAM. Atakuwa amehama chumba, mwenye nyumba yuleyule.

Shangazi wa Kodi:
Mwanangu, huyo mama amesema programu ya simu, au amesema anataka kuona madeni kwenye simu? Hayo mawili hayafanani. Tovuti ndogo ya PHP (lugha ya kuandikia tovuti) na SQLite (hifadhidata ndogo) hata hiyo GB 4 inaiandika bila jasho, naye anaiweka kwenye skrini ya simu yake kama programu nyingine. Na weka Git, ya kutunza kila hatua ya kodi yako, leo hii, kabla ya kitu chochote. Umeme ukikatika katikati ya kazi utanikumbuka.

Baridi_ya_Iyunga:
Shangazi, shikamoo. Nimempigia. Kumbe anataka na mwanae aliyeko Makambako awe anaona madeni hayohayo, kwa hiyo ni tovuti. Android Studio nimeifuta, imeniachia nafasi ya kutosha. SSD bado naitaka. Kesho nampelekea fundi wa pale Kabwe mashine aifungue. Akikuta RAM imechomelewa kwenye bodi, nitarudi hapahapa.