Mpira wa shangazi umetoa tawi la kijani tupu: nikate au niache?

Mama Wawili, Uyole
Habari zenu wapenda maua. Naomba mnijibu kabla sijashika kisu.

Nina mti wa mpira wa mapambo, ule wenye majani mapana, katikati kijani, pembeni weupe kama maziwa ya mtindi. Jani changa hutoka limefungwa kwenye ala ya waridi. Marehemu shangazi alikuwa nao Kyela, mlangoni mwa jikoni, umempita kimo. Tulipoanua tanga nikakata tawi moja, nikalizungushia gazeti lililolowa na kupanda nalo kosta hadi huku. Likashika. Leo una miaka miwili, uko kwenye ndoo ya lita 20 barazani na umenifika kifuani.

Tangu mwisho wa Mei majani ya chini yanapukutika, na yaliyobaki yanakauka ukingoni, pale penye weupe. Namwagilia kila asubuhi bila kukosa. Baridi ya huku mnaijua: juzi nimeamka nyasi za uani zina sakitu.

Linaloninyima usingizi ni hili: karibu na udongo limechipuka tawi la kijani tupu, halina doa hata moja, na linakua mbio. Baba watoto anasema ndilo lenye afya, nikate huku juu niliache hilo. Mimi mpira wa kijani siutaki, nataka ule wa shangazi. Nikilikata, si nitauua mti wote?

Kihesa
Kamwene dada, pole kwa shangazi. Wangu ulipukutika hivyohivyo Juni mwaka jana. Niliuingiza sebuleni, karibu na dirisha la mashariki, ukatulia. Uongezee na samadi upate nguvu.

Bwana Shamba Mstaafu, Mbeya
Kuuingiza ndani, sawa kabisa. Samadi, hapana. Mti uliolala kwa baridi hauli. Subiri joto lirudi, mwezi wa kumi hivi.

Mama Wawili, kata hilo tawi, tena leo. Weupe unaouona ni sehemu ya jani isiyo na umbijani, ile rangi ya kijani inayoupikia mmea chakula. Mti wako una chembe za aina mbili zilizokaa pamoja, zenye umbijani na zisizo nao. Mara nyingine jicho huchipuka kutoka kwenye zile za kijani peke yake. Tawi la namna hiyo lina jiko zima, wakati yale yenye weupe yana nusu jiko. Ukiliacha litayapita yote, na baada ya miaka michache utakuwa na mpira wa kijani. Mzee hajakosea, lina afya kweli, ila afya hiyo inaumeza ule unaoutaka. Likate hadi pale lilipoota kwenye shina, usiache kisiki, maana kisiki kitachipua tena. Utomvu wake unawasha ngozi na macho: vaa glavu, watoto wakae mbali, futa jeraha kwa kitambaa chenye maji baridi mpaka ukome.

Sasa maji. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi kuliko hilo tawi. Kyela iko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Uyole inakaribia 1,800. Mmea huu asili yake ni nchi za joto, kuanzia kaskazini mashariki mwa India hadi Malaysia na Indonesia. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 unaumia, na udongo uliolowa usiku wa baridi unaozesha mizizi. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia, tena saa nne asubuhi jua likishapanda. Ndoo ina matundu chini?

Mwana Rungwe
Nyongeza tu: joto likirudi msiuhamishie ardhini karibu na ukuta au shimo la choo. Kule Meghalaya, India, watu huongoza mizizi hai ya mti huuhuu ivuke mito iwe madaraja ya kupita. Msingi wa tofali hauiwezi.

Mama Wawili, Uyole
Asanteni sana. Bwana shamba, ndoo ilikuwa na tundu moja, tena limeziba kwa tope. Niliinamisha, yakatoka maji yenye harufu mbaya, karibu nilie. Nimetoboa sita kwa msumari wa moto. Tawi nimekata, baba watoto ndiye aliyeshika tochi. Mti uko sebuleni.

Swali la mwisho: nataka nipate wa akiba. Mbegu zinafaa?

Bwana Shamba Mstaafu, Mbeya
Mbegu haitakupa ule weupe. Novemba chagua tawi lenye madoa mazuri, menya ganda pete nzima, upana wa kidole gumba. Futa utomvu, zungushia makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, funga kwa nailoni juu na chini. Baada ya miezi miwili au zaidi utaona mizizi ndani ya nailoni. Hapo kata chini yake, panda.

Mama Wawili, Uyole
Nitafunga mawili. Moja nitalirudisha Kyela, pale mlangoni. Walipobomoa jiko la zamani, wa shangazi nao uling'olewa.