Naomba ushauri: chapa ya Samuel Palmer iliyokatwa kingo

Wakuu, habari zenu. Nipo Uingereza, na mnadani nimepata chapa (picha iliyochapwa karatasini kwa bamba la shaba) ya mchoraji Mwingereza Samuel Palmer (1805–1881), ile ya mkulima anayelima na ng'ombe alfajiri. Naipenda mno, mwanga wake unapenya mitini kama kule kijijini kwetu.

Shida ni kwamba karatasi imekatwa kingo, hivyo alama ya bamba la shaba, yaani ule mbonyeo unaoachwa na kingo za bamba wakati wa kuchapa, haionekani. Nimeitazama kwa lenzi: mistari imeungana, hakuna vile vinukta vya picha zilizochapwa kwa mashine. Najua pia kuwa ilitolewa ndani ya kitabu cha mwandishi Hamerton kuhusu chapa za aina hii, cha 1868.

Bila alama ya bamba, nitaitofautishaje na nakala iliyochapwa kwa njia ya picha? Na yale madoa ya kahawia, niyaache au nimpelekee fundi wa kusafisha na kuhifadhi karatasi?