Mjadala: Hesabu za kutafuta waliopotea baharini, tuziamini kabla ya kupimwa Lamu?

Assalam aleikum wana Lamu. Chombo kikipotea, je, mashua za kutafuta zigawanywe kwa kufuata modeli ya kompyuta inayokadiria jicho litamwona aliye majini kwa umbali gani? Jana barazani ndugu mmoja alisema ndiyo, kwani modeli hizo zimeshathibitishwa. Mimi nasema la, mpaka zipimwe hapa, tena wakati wa kusi.

Aliyewahi kusimama omo anajua. Bahari ikichafuka, kila wimbi linalovunjika lina weupe wake, na dumu jeupe la jarife, hatua mia mbali, ni kichwa cha mtu kabisa mpaka uligeuzie chombo. Basi kuhesabu mara ngapi jicho limeona hakutoshi. Anayepiga kelele "yule!" kwa kila povu hatamkosa mtu, lakini atawamalizia mafuta. Modeli ikadirie yote mawili, kuona kilichopo na kuona kisichokuwepo. Bila hivyo hatujui inapima ukali wa jicho au wepesi wa mdomo.

Halafu kuna uhaba wa kinachotafutwa. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe, mtafiti wa jinsi macho yanavyotafuta vitu, na wenzake waliwapa watu picha watafute kitu ndani yake. Kilipokuwamo katika nusu ya picha, walikikosa takriban asilimia 7 ya mara kilipokuwamo. Kilipokuwamo katika picha 1 kati ya 100, walikikosa takriban asilimia 30. Na sisi tunaangalia maji matupu saa baada ya saa!

*Jibu:* Kaka, manahodha wetu nao hukisia tu. Modeli ikijaribiwa mara 30 isikose hata moja, wataka nini tena?

*Mwanzilishi:* Nataka zaidi, ndugu yangu. Mara 30 bila kosa, kwa uhakika wa asilimia 95, kosa la kweli bado laweza kufika asilimia 10. Kusema halizidi asilimia 1 wahitaji majaribio yapata 300 bila kosa. Na kama 30 hizo ndizo zilizotumika kuiunda, huo ni mtihani ambao mwanafunzi ameshaonyeshwa majibu.

Tutupe madumu yaliyopakwa rangi nje ya Shela, asubuhi na alasiri, na siku nyingine tusitupe hata moja. Waangalizi wasiambiwe idadi. Utabiri wa modeli uandikwe kabla mashua hazijang'oa nanga. Ikisema 80 kwa mia na macho yakaona 50, nahodha ajue eneo hilo lipitiwe mara ya pili.